Sumu Iliyotoka Ghalani



Mwezi wa Februari 2024, huko Kirinyaga katika nchi ya Kenya, watu wasiopungua 17 walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu, na wengine wakapofuka. Msiba huu si wa kwanza: mwezi wa Novemba 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 mjini Nairobi. Methanoli haitambulikani kwa macho wala kwa ulimi. Mnywaji huenda akalala salama, na kesho yake ndipo macho yakamfifia. Awahiye hospitali huweza kupona, lakini jamaa hudhani ni ulevi tu, wakamwacha alale.

Walakini lililotuuma zaidi ni hili. Serikali yenyewe ilieleza ya kuwa pombe ile ilikuwa imekwisha kukamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi iwe ushahidi, kisha ikatoka. Walevi twawakemea kila siku (nasi si wote tulio watakatifu siku ya mshahara). Lakini ghala ile ilikuwa na ufunguo, na mwenye ufunguo ni mtumishi kama sisi. Yafaa kila tawi la Chama liulize: vitu vilivyokamatwa vimeandikwa katika daftari gani, vitamwagwa lini, na mbele ya nani?