Gitaa Laimba Kiswahili, Lifundishwe kwa Kiswahili

Ni jambo lisilopingika kwamba gitaa limeimba kwa Kiswahili katika Afrika Mashariki na Kati kwa zaidi ya nusu karne. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili. George Mukabi wa Magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963, alifanya vivyo hivyo. Ajabu ni kuwa chombo hiki kilichozoea Kiswahili hufundishwa jijini Nairobi kana kwamba lugha hiyo haina uwezo wa kukieleza.

Kijana wa Kangemi au Kawangware aghalabu hujifunza gitaa kwa sikio, kanisani au kwa rafiki. Anaposhuka mjini kutafuta mafunzo rasmi, hukuta nadharia na mitihani yote imo katika Kiingereza. Vidole vyake vinajua; ulimi ndio unaokwama. Hatimaye hujiona mjinga wa jambo analolimudu.

Mfano mmoja watosha. Arpejio ni noti za kundi moja zinazodondolewa moja baada ya nyingine badala ya kupigwa kwa pamoja. Chukua do, mi na sol, kisha pandisha sol kwa nusu toni. Sasa kutoka do hadi mi ni nusu toni 4, kutoka mi hadi noti ya tatu ni 4, na kutoka hapo hadi do ya juu ni 4 tena. Kwa kuwa masafa ni sawa, mwanafunzi anayeusogeza mkao uo huo wa vidole nafasi 4 kwenye shingo ya gitaa hupata noti zile zile tatu kwa mpangilio mwingine. Ndiyo maana noti 12 huzaa makundi 4 tu ya aina hii. Anayeyafanyia mazoezi hayo manne amemaliza yote.

Je, arpejio hii iitweje? Mfasiri mwenye pupa ataiita “iliyoongezwa”, na mwanafunzi ataanza kuitafuta noti ya nne isiyokuwapo. Hakuna kilichoongezwa, noti ni tatu vile vile, ila nafasi kati ya mbili za mwisho imepanuka. “Arpejio iliyotanuliwa” ni istilahi bora zaidi, kwani yenyewe yamweleza mwanafunzi afanye nini.

Wapo watakaodai kuwa istilahi za muziki ni za kigeni na haziwezi kuhamishwa. Hoja hiyo haina mashiko. Neno arpejio lenyewe Waingereza walilikopa kwa Waitaliano, nalo linatokana na kinubi. Taarabu nayo ilipokea udi na fidla bila Kiswahili kupungukiwa. Jina likopwe, lakini neno linaloeleza utendaji litafsiriwe kwa uangalifu.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, urasmi usiofika darasani ni jina tupu. Vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kukaa na wapiga gitaa, kuwasikiliza wanavyosema kazini, na kuandaa orodha ya istilahi zitakazojaribiwa shuleni. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Haifai kijana huyu acheze kwao, kisha aambiwe ajieleze kwa lugha ya kwingine.