Nani Mwaminifu Zaidi?

Kwenye vibanda umiza vya Musoma, stendi ya Bunda na vijiwe vya Butiama, kesi ni ile ile: kati ya shabiki wa Simba na wa Yanga, nani mwaminifu zaidi? Wa Yanga anataja misimu minne, 2017/18 hadi 2020/21, kombe lilipokwenda Msimbazi mfululizo naye hakuvua jezi. Wa Simba anajibu kwamba yeye alikaa mitano bila ubingwa kabla ya hapo, na Novemba 2023 alipofungwa 5-1 na mtani, kesho yake alikwenda kazini akataniwa kutwa nzima, wala hakuhama.

Sisi tunasema kesi hiyo ni sare, tena ni sare ya bei rahisi. Klabu zote mbili ni kubwa. Anayefungwa leo anajua zamu yake itakuja. Kungoja zamu si uaminifu mkubwa.

Mizani iko hapa nyumbani. Biashara United ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Msimu wa 2020/21 ikamaliza ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakati ule mkoa mzima ulikuwa Biashara. Mwaka 2022 timu ikashuka daraja. Wale wachache walioendelea kwenda uwanja wa Karume, bila kamera na bila mchezaji wa jina, hao ndio tungewapa kombe la uaminifu.

Ndugu waumini, hoja hii inatugusa kanisani. Injili ya Yohana, sura ya 6, inasimulia watu elfu tano walioshiba mikate. Kesho yake walimtafuta Yesu hadi ng'ambo ya bahari. Aliposema neno gumu, wengi wakarudi nyuma. Wakabaki Thenashara. Wale wengine walikuwa mashabiki wa mkate.

Leo wapo wanaoacha usharika mdogo, wenye paa nusu na mchungaji anayefika kwa baiskeli, wakakimbilia mahali penye vipaza sauti vikubwa na ahadi ya muujiza wa Jumapili hii hii. Tukiwauliza, wanasema: "Kule Mungu anatenda." Na huku nani alikaa na mama mjane usiku wa msiba? Nani aliyechangia ada ya yatima?

Mtu atasema kila mmoja ana uhuru wa kuchagua. Ni kweli, na mwenye kufundishwa uongo ana haki ya kuondoka. Lakini anayehama kwa sababu kwaya imepungua na sadaka haitoshi asituambie kwamba ameongozwa na Roho. Shabiki wa Karume asiyejua hata aya moja anamshinda.

Basi Jumapili ijayo tuje. Tuje na mabati, tuje na watoto, tukae viti vya mbele vilivyo wazi.