Jina moja halitoshi kumtambua mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu usalama wa wagonjwa wanaopelekwa kupasuliwa katika hospitali zetu.

Wasomaji wengi bado wanakumbuka tukio la Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyekuja kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na mwenye maradhi ya kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki baadaye. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki.

Lakini kila kosa la namna hii linapotokea, dawa tunayoisikia ni ile ile: fulani afukuzwe. Sikubaliani kwamba huo ndio mwisho wa shauri. Mfukuze daktari leo, na kesho watalala tena wodini akina Juma wawili, na mwenye kuwachukua ataita "Juma!" basi. Aliyekwisha kulazwa usingizi hawezi kubisha. Hata aliye macho, kwa hofu aliyo nayo, ataitikia tu. Kwetu majina yanarudiwa sana, na hilo si kosa la mtu.

Dawa ipo, wala haihitaji fedha nyingi za kigeni. Juni 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Huyu ni nani? Anapasuliwa nini, na upande upi? Kuna dawa inayomdhuru? Mwishoni sindano, vitambaa na vyombo huhesabiwa, kisisahauliwe kitu tumboni mwa mtu.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Zilikuwamo za London, Toronto na Seattle, na pia ya Ifakara, mkoani kwetu Morogoro. Matokeo ya zote nane kwa pamoja yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Ifakara si mji wa matajiri. Kwa hiyo anayesema sisi ni maskini mno kwa mambo haya atafute kisingizio kingine.

Hata hivyo, karatasi peke yake haitibu. Katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, orodha ilipelekwa hospitali zote, na uchunguzi wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha maana. Mimi sishangai. Fomu inaweza kutiwa alama zote na mtu mmoja pembeni, upasuaji umekwisha, na kila mtu akaenda kunywa chai.

Kiini cha jambo ni nani ana ruhusa ya kusema "subiri". Muuguzi kijana anayemwogopa daktari bingwa hatafungua mdomo, hata akiona mguu uliopakwa dawa siwo. Apewe madaraka hayo kwa maandishi, na Mganga Mkuu wa hospitali amlinde anapoyatumia, hata pale itakapoonekana alikuwa na wasiwasi bure. Tena mgonjwa avalishwe utepe mkononi wenye majina yake matatu na namba ya jalada. Asiulizwe "Wewe ni Juma?" bali aambiwe ajitaje mwenyewe, na mahali pa kupasuliwa patiwe alama ya wino angali macho.

Ningependa wahusika wa Wizara ya Afya watujibu kupitia safu hii: ni hospitali ngapi za wilaya zinazoisoma orodha hii kwa sauti kila siku, hata siku ambayo hakuna mgeni wa ukaguzi?

Msomaji wako,
Morogoro