Msizitupe Katalogi za Medali

Wanaokusanya medali za vita hunicheka nikisema mimi nakusanya katalogi zake. Kabla ya intaneti, wafanyabiashara wa London walizituma kwa posta: karatasi nyembamba, maandishi ya kuumiza macho, picha za kuhesabika. Mteja alipeleka hundi, akasubiri.

Medali za Uingereza za vita vya 1914–1918 zilipigwa chapa, ukingoni au mgongoni, namba, cheo, jina na kikosi cha askari. Wauzaji waliyanakili hayo kwenye katalogi, kando ya bei. Kwa hiyo askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, ambaye pengine hata kaburi lake halijulikani, humo yumo kwa jina lake. (Medali za nyota za vita vya 1939–1945 Waingereza walizitoa bila jina, ubahili ule unaniudhi hadi leo.)

Makumbusho ya Nairobi na Dar es Salaam yaziombe katalogi hizi kwa wakusanyaji wazee, kabla warithi hawajazitia moto.