Kitufe kikifichwa, urahisi uko wapi?

Wadau, wabunifu wa tovuti siku hizi wimbo ni mmoja: punguza, punguza! Sawa, lakini unampunguzia nani kazi? Ukurasa wa Google wa 1998 haukuwa na mengi, ila kisanduku cha kutafutia ulikiona hapo hapo. Mwaka 2013 Apple walipoleta iOS 7, walivivua vitufe vingi mipaka na vivuli, yakabaki maneno matupu ya rangi. Mwaka 2014, kwenye iOS 7.1, wakaweka chaguo la kuvirudishia vitufe umbo. Kumbe lile pambo lilikuwa na kazi: kukuonyesha pa kubonyeza! Madoido yapunguzeni, jamani, lakini mlango uachieni kitasa. Au nyie mnaonaje?