Fundi Anajulikana kwa Kuzima Nyundo

Wasee, leo nitawakera mafundi wenzangu kidogo. Wengi wetu tunashika drili ya nyundo kama tunaenda vita. Kelele nyingi, vumbi kila mahali, na mteja anaamini kazi inafanyika.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Karo iliponishinda mwaka wa pili, niliacha chuo, nikaazima drili ya binamu yangu nikaanza kupachika TV na mapazia mitaa ya Roysambu. Kazi yangu ya tatu ilikuwa kufunga kishikio cha taulo bafuni kwa dada mmoja. Nikaacha nyundo imewashwa, nikasukuma na kifua. Vigae viwili vikapasuka. Malipo yangu yalikuwa 500. Kurekebisha kulinitoa 1,800, na ilikuwa nyumba ya kukodi, deposit yake ikiwa mkononi mwa landlodi. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kaka, kwani hukujua?"

Ukweli ni kwamba sikujua. Nilidhani nyundo ni nguvu ya ziada, eti ukuta ukikataa unaongeza. Sivyo. Nyundo inagonga biti mbele maelfu ya mara kwa dakika ili ivunje kitu kigumu kiwe unga. Kwa konkriti, hiyo ndiyo dawa. Kwa kigae, unaomba matatizo.

Kwa hivyo kigae kitoboe nyundo ikiwa imezimwa, kwa biti ya vigae, polepole, na ubandike selotepu hapo ili biti isiteleze. Ukishapita kigae na kugusa ukuta, badilisha biti, washa nyundo. Mbao na chuma hazitaki nyundo kabisa. Chuma kinataka biti yake, mwendo wa chini na tone la mafuta.

Sasa yale mawe laini ya Ndarugo yaliyojenga nusu ya mitaa yetu, hapo ndipo watu wanaumia. Ukiyagonga sana, shimo linapanuka, fisha inazunguka ndani bila kushika. Fundi mjanja anajaza vipande vya kiberiti, anakaza skrubu, anachukua pesa anaenda. Halafu TV ya inchi 55 inaning'inia juu ya mahali mtoto anachezea. Jaribu kwanza bila nyundo. Jiwe likikataa, ndio uwashe.

Kwa konkriti, washa, simama wima, shika kile kishikio cha pembeni kwa sababu biti ikinasa, drili inazungusha mkono wako. Toa biti mara kwa mara vumbi litoke. Ukigusa nondo, usilazimishe, sogeza shimo.

Na usitoboe juu au chini ya soketi na swichi, kwa mstari ulionyooka. Nyaya mara nyingi hupita hapo. Kama huna uhakika, zima umeme wa chumba hicho, uchomeke extension chumba kingine. Vaa miwani na barakoa, haswa ukitoboa dari. Vumbi la konkriti halitoki mapafuni kwa kunywa maziwa, hata mzee wa site akikuapia.

Najua mtaniambia mteja hana subira. Ni kweli, na hapa wateja nao nawalaumu. Mnapatana mpaka 200 kwa shimo, kisha mnasimama nyuma ya fundi mkiangalia saa. Kijana akibadilisha biti mara mbili mnaona hajui kazi. Mimi nasema huyo ndiye anajua. Yule anayetoboa kila kitu kwa biti moja na nyundo moja ndiye wa kuogopa.

Siku hizi nikifika kwa mtu, kwanza nagonga ukuta kwa kidole, nasikiliza, nauliza nyaya zinapita wapi. Wengine wanacheka. Lakini sijalipia kigae tena.

Ukiita fundi wiki hii, muulize swali moja kabla hajaanza: "Hapa nyundo unawasha ama unazima, na kwa nini?" Akikosa jibu, mpe chai na umwage kwa amani.