Kabla ya kununua kitabu cha hisabati cha ng'ambo

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mpaka watoto wa msingi waliporudi darasani mwishoni mwa Juni, kila mzazi wa Dar es Salaam aligeuka mwalimu wa hisabati bila kuombwa. Kipindi kile kilipita, ila kazi ile haikuisha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi, kwa hiyo kumsomesha nyumbani moja kwa moja si jambo la wengi hapa kwetu. Lakini jijini zipo shule zenye wanafunzi wengi kiasi kwamba huingia kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, na nusu ya siku mtoto anabaki mikononi mwa wazazi. Kwa familia zinazotafuta riziki Kariakoo, nusu hiyo huishia dukani au kwenye meza ya biashara Mtaa wa Kongo. Mzazi anayetaka kuitumia vizuri huenda kutafuta kitabu cha Hisabati, na mara nyingi huchagua kwa jalada: kikiwa cha ng'ambo, kitakuwa bora. Nasema kipimo hicho ni kibovu. Kitabu kinachomfaa mtoto huyu ni kile kinachounganisha hesabu anayoipiga kichwani na ile anayotakiwa kuiandika daftarini.

Pengo kati ya hesabu hizo mbili si la kubuni. Mwaka 1985 watafiti walichapisha matokeo ya watoto wauzaji wa mitaani mjini Recife, Brazil: hesabu walizoulizwa wakiwa kazini walizipata karibu zote, lakini hesabu za namna hiyohiyo walipopewa kwa tarakimu tupu walipata kama theluthi moja tu. Miaka 40 baadaye, Februari 2025, wachumi Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walichapisha katika jarida la Nature utafiti mkubwa zaidi, wa watoto 1,436 wanaofanya kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi. Karibu wote walipiga hesabu ngumu za mauzo bila kalamu, kisha wakakwama kwenye hesabu nyepesi za mtindo wa shuleni. Na upande wa pili unatisha vilevile. Wanafunzi wa shule za jirani wasiowahi kuuza kitu walikuwa wazuri zaidi kwenye hesabu za ubaoni, ila walioweza swali moja la sokoni ni asilimia 1 tu, wakati zaidi ya theluthi ya watoto wa sokoni walilijibu. Hakuna kundi lililojivukisha lenyewe kwenda ng'ambo ya pili. Ni mtu mzima, au kitabu, anayepaswa kuwavusha.

Tuangalie hilo kwa karibu. Tuseme dazeni ya soksi inauzwa jumla Sh18,000. Mtoto wa darasa la nne aliyezoea duka ukimuuliza pea moja inakuja shilingi ngapi, atakata dazeni nusu apate 9,000, akate tena apate pea tatu kwa 4,500, kisha agawe kwa tatu: 1,500. Sasa mwandikie 18,000 ÷ 12 umwachie penseli. Anaweza kuhangaika na 12 inaingia mara ngapi kwenye 1, akapoteza sifuri njiani, akatoka na 150 na asishtuke, wakati mtoto huyohuyo angemcheka mteja anayetaka soksi kwa Sh150. Kitabu kizuri huanzia pale alipo. Humwandikisha hatua zake mwenyewe, gawa kwa mbili, gawa tena kwa mbili, gawa kwa tatu, kisha humwonyesha kwamba amegawanya kwa 12. Baada ya hapo ndipo humpa 17 au 23, namba zisizokubali kukatwa nusu, naye aone kwa nini njia ndefu ya kugawanya ilihitajika. Nusu na robo za somo la sehemu tayari zimo katika hatua hizo za kukata dazeni. Na mazoea ya kukisia jibu kabla ya kuandika, ambayo ndiyo kinga kubwa dhidi ya ile 150, anayo toka sokoni. Anachohitaji ni kuruhusiwa kuingia nayo darasani.

Wapo watakaosema Singapore imefanikiwa kwa vitabu vyake, basi tununue vya Singapore. Mafanikio yale nayaheshimu. Vitabu vyao vya tangu miaka ya 1980 vilijengwa juu ya mpangilio wa busara: mtoto aanze na vitu vya kushika, aje kwenye michoro, amalizie na alama. Lakini kila mwaka wa vitabu hivyo husimama juu ya mwaka uliotangulia, na anayemnunulia mtoto cha darasa la nne peke yake amenunua ghorofa bila ngazi. Kilicho cha thamani mle ni mpangilio, nao haudai fedha za kigeni. Vizibo vya soda vinatosha.

Pingamizi zito zaidi linahusu vitabu vyetu. Mwaka 2013 ubora wa vitabu vya kiada ulizua mjadala mkali bungeni na kamati iliyokuwa ikiviidhinisha, EMAC, ikavunjwa. Mwaka 2017 vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vyenyewe vilikutwa na makosa. Wazazi wana haki ya kuwa na wasiwasi. Hata hivyo bado naona kitabu cha TET kiwe mhimili, kwa sababu ndicho anachofundishiwa na kupimwa nacho mtoto wa shule ya serikali, na nakala zake husomeka bure kwenye maktaba mtandao ya TET. Kosa la ukurasa mmoja mzazi anaweza kulisahihisha. Mvurugano wa vitabu vitatu vyenye mpangilio tofauti hausahihishiki. Aliye mchepuo wa Kiingereza afuate kitabu cha shule yake, ila maelezo ya nyumbani yawe kwa lugha anayohesabia chenji. Na mzazi anayesema hisabati ilimshinda, huku akiendesha duka la jumla, aketi na mtoto amweleze anavyopanga bei.

Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Ufa huo huanza huku chini. Kwa hiyo, mzazi, ukifika dukani fungua kwanza sura ya kugawanya; ikianza na kanuni bila kitu cha kugawa, kirudishe. Na TET, ambayo inaendelea kuandika vitabu vya mtaala ulioanza Januari 2024, iingize dazeni, jora na chenji ndani ya masomo yenyewe, isiviache kuwa mapambo ya mwisho wa zoezi.